Jina Nililoitikia

Ofisini kwetu hatukuwa na pini za kubania karatasi. Ndiyo maana tulishona watu.

Wajukuu zangu wakiniuliza nilifanya kazi gani enzi za Zaïre, nawaambia nilikuwa nashona. Wanacheka, wanadhani nilikuwa fundi wa nguo. Sikuwa fundi. Nilimaliza sekondari kwa mapadri nikaingia ofisi ya zone, yaani ya wilaya ya mji, kule Ibanda, Bukavu, na kwangu kulikuwa Kadutu. Wakati wa mvua nilishuka kilima nikiwa nimeshika viatu mkononi, nikanawa miguu kwenye bomba la uani kabla ya kuvivaa, kwa sababu chef wetu, mkuu wa ofisi, hakutaka kuona matope sakafuni.

Kazi ya kushona ilianzia kwenye barua kutoka kwa wakubwa wa mkoa. Walitaka kujua, mtaa kwa mtaa, ni watu wangapi wana kazi ya mshahara na wangapi hawana. Mpaka siku hiyo kila ofisi ilihesabu peke yake. Ofisi ya bima ya wafanyakazi ilihesabu watu wa viwandani na wa mashamba ya chai. Hazina ilihesabu watumishi wa Serikali. Sisi wa zone tulihesabu wakaaji wote, wenye kazi na wasio nayo. Ukijumlisha hesabu hizo ulipata mji wenye wafanyakazi wengi kuliko wakaaji, maana mwalimu aliyefanya kazi kiwandani wakati wa likizo alihesabiwa huku na kule kama watu wawili. Sasa tuliambiwa tuchukue kadi ya kila mkaaji, tutafute kadi yake ya bima, tutafute mstari wake kwenye listingi, ile orodha ya mishahara iliyotoka Kinshasa, halafu tuviunganishe viwe mtu mmoja. Ambaye kadi yake ingebaki peke yake, huyo angeandikwa hana kazi.

Kwa maneno ilikuwa kazi nyepesi. Lakini miaka michache kabla yake tulikuwa tumeagizwa kuacha majina ya ubatizo na kuchukua majina ya mababu. Mtu alilala na jina moja akaamka na jingine, na mara nyingi hakuna aliyeandika popote kwamba huyu ndiye yule. Kadi ya bima ilikuwa na jina la mtakatifu, kadi ya mkaaji jina la babu. Basi majina tukayaacha. Tuliangalia baba, mama, kilima alikozaliwa mtu, maana kwetu kijiji ni kilima, na mwaka, ambao karibu kila kadi iliutaja kwa kukisia. Vikikubaliana, tulitoboa kadi kwa sindano ya magunia, tukapitisha uzi wa katani, tukafunga fundo. Listingi tuliikata kwa mkasi, mstari mmoja mmoja, na kile kipande chembamba nacho tukakishonea kwenye kadi. Jioni uani palikuwa na vipande vya uzi kama mbele ya nyumba ya msusi.

Sindano aliileta mwenzangu wa mezani, mtu wa Mwenga, mfupi, mwenye sauti ya kuimbia kanisani. Yeye ndiye aliyelileta neno hilo la kushona.

“Leo umeshona batu bangapi?” aliniuliza kila siku karibu na saa sita.

“Sijahesabu.”

“Mie nimeshona muzee moja pamoja na shemeji yake. Nimebafungua, lakini naona balikuwa banapatana.”

Tulicheka sana kwenye meza ile. Nataka hilo lijulikane, kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Mimi na huyo mwenzangu tulikuwa tunahesabu wafanyakazi wakati sisi wenyewe hatukuwa na namba. Aliyezoea kazi ya Serikali zamani zile atanielewa, lakini nieleze kwa ajili ya wengine. Ulikuwa mtumishi siku ile Kinshasa ilipokupa namba yako na jina lako likatokea kwenye listingi. Kabla ya hapo uliitwa mpya. Mpya alikuja kazini asubuhi kama wote, aliimba na wote kwenye bendera, alikalia kiti na kupigiwa kelele na chef, lakini mwisho wa mwezi alingoja chef amgawie kidogo kutoka kwenye ushuru wa soko. Nilikuwa mpya kwa muda mrefu hata viwiko vya abakosi yangu, koti lile la enzi hizo lisilo na tai, vikawa vyeupe. Kuondoka sikuweza. Ukiondoka faili yako inarudi chini ya rundo, na miaka yote uliyongoja inapotea. Shemeji yangu aliwahi kunitafutia nafasi ya karani kwenye ghala la chai, nafasi ya kweli, ya kulipwa mwezi huohuo. Nilimjibu kwamba namba yangu iko karibu. Nilikuwa kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri. Hawezi kutoka kwa sababu ya saa alizokwisha kusimama, na saa zinazidi kuongezeka.

Kilichonifunga zaidi kilikuwa mdomo wangu. Baba mkwe, mzee wa Mumosho, alinipa binti yake kwa sababu nilikuwa mtu wa Serikali. Siku moja mbele ya ndugu zake aliniuliza, “Mukwe, namba yako ilishaka kufika?” Nikasema imefika. Mke wangu alikuwa anapita na sahani. Aliniangalia kwa furaha ambayo sikujua namna ya kumnyang’anya. Tangu siku hiyo nilimwambia Kinshasa inachelewesha mishahara, jambo ambalo halikuwa uongo kwa wenye namba pia, na yeye akaendelea kuuza nyanya ili tule.

Basi siku moja, katikati ya kadi za Kadutu zilizoletwa kwetu, za avenue nilikokaa, nikakuta kadi yangu mwenyewe. Nilitafuta kwenye bima, ingawa nilijua. Nilitafuta kwenye listingi, ingawa nilijua.

“Weka tu ku rundo la bale hawana kazi,” mwenzangu akasema. “Yangu iko pale tangu juzi. Itakuwa na mutu wa kuongea naye.”

“Lakini tunafanya kazi.”

“Nani alisema? Listingi haiseme.”

Alisema hivyo akicheka, lakini jambo hilo lilimkaa. Tulikuwa tunakuta kadi nyingi za namna yetu: walimu, wafagiaji wa hospitali, mapolisi wa soko. Baada ya chakula alikwenda kwa chef, akamwomba turuhusiwe kufanya rundo la tatu, la watu wanaofanya kazi bila Kinshasa kuwajua. Nilimsikia kupitia ukuta wa mbao. Alisema hesabu yetu itakuwa ya uongo bila rundo hilo, na kwamba wakubwa wakiona wingi wa watu wenyewe labda watatoa namba.

Chef alifikiri, kisha akakubali, kwa sharti. Kila mtu wa rundo la tatu angekuja Jumatatu, baada ya bendera na nyimbo, asimame uani na shahidi anayemfahamu kazini, aitwe kwa sauti, watu wamwone. Orodha yao ingepanda mkoani pamoja na ombi la namba.

“Hatutaki batu ba uongo,” chef alisema. “Mutu asimame, batu bamuone.”

Ua wetu haukuwa na ukuta upande wa barabara. Kila asubuhi wanawake walipita pale na mabeseni yao kuelekea sokoni. Mke wangu alikuwa mmoja wao. Nilimwona akilini mwangu akisimama na beseni la nyanya kichwani, akisikia jina langu likiitwa miongoni mwa wasio na namba. Nikamwona baba mkwe akiambiwa.

Kwenye listingi kulikuwa na mstari uliokuwa unanisumbua tangu tuanze. Ulikuwa wa karani wa ofisi yetu wa zamani, kabla yangu, aliyezaliwa kilima kimoja na mimi, mwaka unaokaribiana na wangu. Alikuwa bado anaandikwa kwa jina la ubatizo. Watu walisema alikwenda Shabunda kuchimba dhahabu na hakurudi. Mstari wake ulikuwa umebaki bila kadi. Mwenzangu alipotoka kuvuta sigara niliukata, nikauweka juu ya kadi yangu, nikapitisha sindano. Fundo nililifunga mara mbili.

Aliporudi alikiona kile kifungu, maana meza ilikuwa moja.

“Huyu njo nani umeshona?”

“Mimi.”

“Weye ulikuwa unaitwa hivi?”

“Zamani. Kwa ubatizo.”

Alikishika kifungu, akakigeuza, akakirudisha palepale. “Sawa, citoyen,” akasema. Kwenye meza yetu hatukuwahi kuitana hivyo. Hilo la “mwananchi” lilikuwa neno la mikutano.

Jumatatu ile nilibaki ndani, dirishani, na kalamu mkononi kana kwamba nina kazi. Yeye alisimama uani pamoja na wengine, amevaa abakosi ya kuazima iliyompita mabegani. Wanawake wa sokoni walisimama kutazama, nao hawakukosa maneno.

“Papa, kumbe haulipwake? Na ile abakosi ni ya nini?”

“Ni ya kungojea, maman!” akawajibu. “Nilishonewa kubwa juu ningali naongezeka!”

Walicheka, na mmoja akamrushia nyanya aile. Mke wangu alikuwa pale pembeni. Alinitafuta kwa macho, akaniona dirishani, upande wa wenye namba, akainua mkono. Nami nikainua wangu.

Namba zilipatikana. Hazikuwa za wote, na hazikuja upesi, lakini zilikuja, na ya mwenzangu ilikuwamo. Aliingia na mkate mzima, akaukata kwa mkasi wa listingi, akaniwekea nusu. Hakusema chochote cha kunichoma. Nilikula ule mkate mpaka makombo. Kisha nikaenda kwa chef.

“Chef, na miye?”

“Weye na nini?”

“Namba.”

Alifungua kabati, akatoa kifungu changu, akakiweka mezani. “Si uko nayo? Si ulijishona mwenyewe?”

Niligusa lile fundo langu la mara mbili. Hapo ndipo aliponieleza, kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mgeni mahali pa kuweka kofia. Mshahara wa mstari ule haukuwahi kukoma kuja. Yeye ndiye aliyekuwa anaupokea. Kilichomsumbua ni kwamba Kinshasa ilikuwa inatuma mtu wa kukagua, kuita watu mmoja mmoja na kuwaona kwa macho, na mstari wake haukuwa na mwili. Sasa ulikuwa nao.

“Siku bataita, utaitika,” alisema. “Mwisho wa mwezi utapata bahasha. Ukikataa, nitauliza nani alikata listingi ya Serikali.”

Ningeweza kusema hapana. Nimelifikiria hilo kwa miaka mingi, na najua ningeweza. Mwenzangu angesimama nami, nina hakika. Ningekosa kazi ambayo sikuwa nayo, ningechekwa na wanawake wa sokoni asubuhi moja, baba mkwe angenuna. Lakini siku ile niliona mlango mmoja tu, na chef alikuwa ameuegemea.

Mkaguzi alikaa uani kwenye meza yetu ileile. Alisoma majina bila kuinua kichwa. Jina la yule karani lilipoitwa nilichelewa, mpaka chef akakohoa.

“Nipo, citoyen,” nikasema.

Mkaguzi akaweka alama. Nyuma yangu alisimama mwenzangu. Sikugeuka.

Kwa muda mambo yalikuwa mepesi nyumbani. Bahasha ilikuwa ndogo lakini ilikuja. Mke wangu aliacha kukopa mafuta. Wakwe wa Mumosho walituletea kuku. Ofisini tuliendelea kuhesabu, kwa sababu wakubwa waliipenda ile hesabu ya kwanza wakaitaka kila mwaka, na kila mwaka kifungu changu kilitoka kabatini kikahesabiwa upande wa wenye kazi. Mwenzangu alihamia meza nyingine. Tulisalimiana.

Kisha akaja mama mmoja.

Ilikuwa kiangazi, miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi. Alisimama mlangoni na kitenge safi, cha kufungua siku hiyo, akiwa amebeba kikapu cha maharage kilichofunikwa majani juu. Alimwuliza mwenzangu, kwa sababu meza yake ndiyo ilikuwa karibu na mlango. Nilimsikia akitaja jina lile nililoitikia. Mwenzangu aliniangalia kwanza, kisha akamwambia, “Maman, uliza ule papa wa kule.”

Alinijia akitabasamu.

“Papa, natafuta bwana yangu. Mutu wa kwetu alikuwa hapa siku ile ya kuita majina. Anasema bwana yangu aliitwa na aliitika. Hakumuona vizuri, batu balikuwa bengi, lakini alisikia aliitika.”

Nilimtoa nje, nikampeleka kwenye bomba. Nilimpa maji, akanywa kwa kiganja. Ningeweza kumwambia mumewe amehamishwa, na chef baadaye aliniambia hivyo ndivyo nilivyopaswa kusema. Sikuthubutu kumtuma akamtafute Minova au Goma mtu ambaye sauti yake ilikuwa yangu. Nikamwambia.

“Mama, bwana yako hayuko hapa. Alitoka zamani, mbele mimi sijaingia. Ni mimi njo niliitika.”

“Weye?”

“Mimi.”

Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta, nadhani, kama nafanana naye. “Juu ya nini?” aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kuelewa.

Nilisema kitu kuhusu namba. Hata mimi sikukielewa nilipokisikia.

Aliketi kwenye ngazi ya ofisi, kikapu miguuni. Akaniambia yake. Shemeji zake walikuwa wamesikia kwamba kaka yao yuko Bukavu, anakula mshahara na mwanamke wa mjini. Kwa hiyo hawakukubali afanyiwe kilio. Shamba wamelichukua wao, kulitunza mpaka mwenyewe arudi, na yule mama si mke wa mtu na si mjane. Alikuwa ameacha kulia siku aliposikia jina limeitikiwa. Sasa aliona aibu kwa sababu njiani kote alikuwa anaimba.

“Basi papa, uniandikie,” akasema. “Karatasi tu. Andika haiko hapa, alitoka zamani, haikupata kurudi. Upige kashe. Nitabaonyesha bale bashemeji, banipatie shamba, nilie kilio yangu.”

Kashe, ule muhuri wa ofisi, ilikuwa kwenye droo yangu. Karatasi kama hiyo ni mistari mitatu. Nilikwisha kuwaandikia watu wengi karatasi za namna hiyo, za mbuzi, za kiwanja, za mtoto aliyepotea. Lakini kuandika kwamba hayupo kulikuwa kuandika kwamba anayeitikia ni mwizi, na chini yake kuweka saini yangu.

“Mama, leo kashe iko kwa chef,” nikamwambia. “Urudi kesho asubuhi.”

“Kesho nitafika mapema,” alisema, akaniachia maharage. Nilikataa. Akaniachia tu.

Kesho yake nilimwambia mke wangu nina homa. Alinifunika blanketi akanipikia uji. Nililala nikitazama mabati, nikisikia watu wakishuka kilima kwenda kazini, na nilijua saa kamili ambayo mlango wa ofisi hufunguliwa.

Mwenzangu hakunikaripia niliporudi. Alikuja mezani kwangu kwa mara ya kwanza tangu ahame.

“Alikaa pale ku ngazi mpaka tulifunga,” alisema. “Nilimuambia mimi nitamuandikia. Alikataa. Alisema, ‘Ule papa alinipa neno lake.’”

Yule mama hakurudi tena. Nimewahi kupita kwenye kilima chake, ambacho ni kilima changu, na sikuuliza.

Niliendelea kuitikia. Kila mkaguzi, kila mwaka wa kuhesabu, jina liliitwa na mimi nikasema nipo. Chef alihamishwa, akamrithisha mwingine kabati pamoja na mimi ndani yake. Mwenzangu alistaafu kwa jina lake mwenyewe, tukaimba, akalia. Mwishoni mwa Zaïre, kabla ya vita, wazee wa ofisi tuliitwa kuchukua karatasi za pensheni. Mke wangu alinisindikiza, akabaki nje. Alikuwa amevaa vizuri kama mtu anayekwenda arusini.

Ndani waliita jina la yule karani. Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Niliufunga. Kijana wa mezani akarudia, kisha akarudia tena, akatazama wazee wote mmoja mmoja, akaweka alama, akaendelea. Mpaka mwisho hakuliita jina langu. Halikuwamo.

Nilitoka. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye ngazi.

“Balikuita?”

“Bado,” nikasema.

Nikaketi kando yake. Watu walipita kando yetu wakitoka na karatasi zao mkononi, mpaka mlinzi akaja na ufunguo. Mke wangu aliniangalia, akaangalia mlango, akasimama, akakung’uta kitenge chake.

“Twende nyumbani,” alisema.